Mvua ya Waipa

Asubuhi ile Yeremia alikuwa ameinamia injini ya landrova ya ofisi, ameshika fyuzi kati ya kidole gumba na cha shahada, anaielekeza kwenye jua. Fyuzi ya landrova ni kijibomba cha kioo chenye vifuniko vya chuma huku na huku na waya mwembamba katikati. Waya ukiwa mzima, unauona. Ukiwa umekatika, unaona kioo kilichoingia moshi. Yeremia aliona moshi. Akaigeuza fyuzi, akaitazama tena, labda upande wa pili ulikuwa na habari nyingine. Haukuwa nayo.

Landrova yenyewe ilikuwa ya tangu enzi za mkoloni, na ilikuwa na fyuzi mbili tu. Ya kwanza ilihudumia honi na taa ya ndani, na haikuwa na matatizo. Honi ililia vizuri kupita mahitaji ya mji wa Kilosa. Ya pili ndiyo ilibebeshwa mzigo: waipa, geji ya mafuta, indiketa na taa za breki, vyote juu ya waya mmoja usiozidi unywele. Pembeni mwa fyuzi hizo kulikuwa na nafasi mbili za kuwekea fyuzi za akiba. Zote zilikuwa tupu. Yeremia alijua ni tupu, kwa kuwa yeye ndiye aliyezitoa zilizokuwamo, lakini alipitisha kidole hata hivyo.

Sababu ya kuungua ilijulikana. Waipa za landrova ile zilitangulia mvua. Kwa magari mengine mvua hunyesha kwanza, ndipo dereva akawasha waipa. Landrova ya ofisi ilikuwa imepelekwa Morogoro kutengenezwa, na fundi mmoja wa huko akaunganisha nyaya kinyumenyume. Tangu siku hiyo dereva akiwasha waipa, mvua ilifika baada ya muda kidogo, ikanyesha eneo la ukubwa wa kiwanja cha mpira kulizunguka gari, na ikakoma waipa zilipozimwa. Tatizo lilikuwa moja tu. Kabla mvua haijafika, waipa zilisugua kioo kikavu, mota ikaelemewa, na mota ikielemewa fyuzi huungua. Hiyo ndiyo kazi ya fyuzi, kuungua yenyewe ili nyaya zipone.

Ofisi ililipokea jambo hili kwa utulivu. Ndugu Cleopa, mkuu wa ofisi, aliagiza mvua inyeshe kwanza kwenye uwanja wa mikutano, ili vumbi litulie kabla wageni hawajafika. Baada ya hapo ilipelekwa Magomeni ya hapohapo Kilosa, kwenye bustani yake ya maharage, ambayo ilikuwa bustani ya mfano. Wananchi walipouliza mkutanoni kwa nini mvua haifiki vijijini, walijibiwa kwamba petroli hununuliwa kwa fedha za kigeni. Waliona ni jibu. Wakapiga makofi, wakaenda zao.

Sasa Ndugu Cleopa alitoka ofisini, mikono nyuma, shati lake la mikono mifupi limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe.

"Ndugu Yeremia, gari vipi?"

"Fyuzi imeungua, Ndugu Cleopa."

"Weka nyingine."

"Zimekwisha."

Ndugu Cleopa aliuangalia mkono wa Yeremia, akaiangalia injini, akatazama angani ambako hakukuwa na hata wingu la kusingizia. "Kamati ya mkoa inakuja Azimio wiki ijayo," alisema. "Nataka Azimio ipate mvua kabla yao. Mvua ya kutosha, si ya kulowesha vumbi. Nenda Kimamba. Kwenye mashamba ya mkonge hawakosi vitu vya namna hii."

"Sawa, Ndugu," alisema Yeremia, akafunga boneti.

Mvua ile hakuitaka, kwa sababu mama yake aliishi Azimio. Mwaka uliotangulia, watu wa Kigunga, juu milimani, walishushwa kwa malori hadi bondeni, kando ya barabara iendayo Mikumi, wakaambiwa kijiji chao sasa kinaitwa Azimio. Kigunga kulikuwa na mvua, migomba na kanisa la mawe. Azimio kulikuwa na barabara. Ndugu Cleopa alipachagua yeye mwenyewe kwa ajili ya barabara hiyo, maana alisema pahali gari linapofika na maendeleo yatafika. Akina Mwamvua, wenyeji wa bonde, waliwaambia wageni wao tangu siku ya kwanza kwamba pale walikuwa wakilishia mbuzi tu, na hata mbuzi walikuwa hawapapendi.

Wazee wa Azimio walilalamika hadi mkoani, na mkoa ukakubali kutuma kamati ije ione. Mahindi yakikutwa yamekauka, watu wangeruhusiwa kurudi kwao Kigunga. Yakikutwa mabichi, wangebaki. Hapakuwa na mtu Azimio asiyelijua hilo. Kwa hiyo mwaka ule walifanya jambo ambalo mkulima hafanyi: walipanda, wakapalilia vizuri, halafu wakakaa kusubiri mahindi yafe. Kila asubuhi walitoka kuyatazama na kila asubuhi yalikuwa yamesogea kidogo upande wanaoutaka.

Mama yake Yeremia, Raheli, aliyasubiri kuliko wote. Mumewe alizikwa Kigunga, nyuma ya kanisa, na kando yake palikuwa pameachwa nafasi. Yeye alitaka nafasi ile. Hakuwa na maneno mengine zaidi ya hayo kuhusu siasa. Jumapili iliyopita Yeremia alipomtembelea, alimwambia, "Hicho kikioo chako kikiungua, mwanangu, kiache kilivyo. Mvua yenu msituletee. Sisi tunayo yetu, iko kule juu." Akaonyesha kwa kidevu milima, ambako mawingu yalikuwa yakinyeshea migomba isiyo na mtu.

Yeremia aliahidi. Ahadi ile sasa alikuwa nayo kifuani akiendesha kwenda Kimamba, na kila kona alimwomba Mungu fyuzi isipatikane, kisha akamwomba msamaha, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali. Aliendesha bila taa za breki na bila indiketa, akitoa mkono dirishani kila alipokata kona. Geji ya mafuta ilikuwa imelala. Alisimama mara kwa mara, akatumbukiza kijiti kwenye tangi, akakitoa na kukinusa. Hakuna kitu kinachomtia dereva wasiwasi kama gari lisilomwambia limebakiwa na nini.

Kimamba alimkuta Makarius, fundi umeme wa mashamba ya mkonge, ameketi juu ya pipa anakunywa uji. Makarius alifungua kopo lake la biskuti lililojaa vikorokoro. Alikuwa na fyuzi za nyumba na za mashine ya kuchambulia mkonge, nyingine kubwa kama gunzi. Ya landrova hakuwa nayo.

"Hata Mikumi hutapata," alisema Makarius. "Labda Dar. Wengine wanaviringishia ile karatasi ya sigara inayong'aa, gari linatembea."

"Linatembea vizuri?"

"Vizuri sana, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ile karatasi haiungui. Kitakachoungua ni kitu kingine, na wewe hujui ni kipi."

Yeremia alishukuru kwa moyo wote. Alirudi Kilosa akiwa mwepesi, akamwambia Ndugu Cleopa kwamba hakuna, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake neno "hakuna" lilimtoka kinywani bila kumwogopesha. Ndugu Cleopa alikunja uso. Alipiga simu Dar, akaahidiwa boksi zima la fyuzi, ambalo lingefika kwa treni baada ya kamati kuondoka. Basi, akasema, kama mvua haiwezekani, walau kijiji kiwe kisafi. Akampa Yeremia mifuko ya chokaa aipeleke Azimio, wananchi wapake mawe ya kandokando ya njia.

Alifika Azimio mchana, jua limesimama juu ya mabati. Alishusha chokaa nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Simoni, aliyemwonyesha shamba kwa fahari ya mtu anayeonyesha mavuno. Mahindi yalikuwa yamejikunja kama tumbaku. "Wiki moja tu," alisema Mzee Simoni akinong'ona. "Yakishikilia hivi wiki moja tu, tunakwenda nyumbani." Yeremia alifurahi, na wasiwasi ukamshika palepale, maana wiki moja ni siku nyingi.

Halafu akaenda kwa mama yake.

Raheli alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, anamenya mizizi ya porini, ile inayochemshwa na kumwagwa maji mara kadhaa ili sumu itoke. Watu wa milimani hawakuwa wameizoea. Walijifunza kwa akina Mwamvua. Mikono yake ilikuwa imebaki mishipa na ngozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Swali hilo lilimchoma. Aliingia ndani kutafuta maji ya kunywa, akainamisha mtungi, ukatoa kikombe kimoja chenye tope chini. Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka. Kila siku Raheli alikwenda mtoni alfajiri na kufika na maji adhuhuri, lakini siku ile hakuwa amekwenda. Alipoulizwa kwa nini, alisema miguu imekataa. Alisema hivyo kwa kawaida tu, kama anayesema kuku ametaga. Kisha akajaribu kuinuka ampishe mwanawe kigoda, akashindwa, akacheka, akajaribu tena, akashindwa, na safari hii hakucheka.

Hapo Yeremia akaogopa kweli. Hadi siku hiyo alikuwa akimwogopa Ndugu Cleopa, kamati, na fyuzi. Sasa aliona kwamba mahindi na mama yake walikuwa wakikauka kwa pamoja, na kwamba mama ndiye aliyekuwa mbele. Ruhusa ya kwenda Kigunga ingekuja, naam, ikamkuta chini ya udongo wa Azimio. Alimpenda mama yake kuliko alivyompenda mtu yeyote, na upendo huo ulimharakisha.

Alipiga hesabu yake akiwa amesimama kando ya gari. Hakutaka mvua ya shamba. Alitaka ya mtungi, ya sufuria mbili na lile pipa la pembeni mwa nyumba, basi. Angewasha, vyombo vikijaa angezima, na ardhi ile yenye kiu isingekumbuka kwamba kuna kitu kilipita. Alitoa pakiti ya sigara mfukoni, akaondoa karatasi ya ndani inayong'aa, akaichana, akaiviringisha juu ya fyuzi iliyoungua kutoka kifuniko hadi kifuniko. Akaibana mahali pake. Geji ya mafuta ikainuka kitandani. Tangi lilikuwa nusu.

Alipanga vyombo, akaingia garini, akawasha waipa.

Zilisugua kioo kikavu, zikalia. Fyuzi yoyote yenye akili ingekuwa imeshaungua. Karatasi haikuungua. Mvua ikafika, kwanza matone makubwa yaliyotoboa vumbi, kisha mvua kamili, iliyonyooka, kama ya kule milimani. Mtungi ukajaa. Sufuria zikajaa. Pipa likafika katikati, likafika shingoni. Yeremia akanyoosha mkono, akazima swichi.

Waipa ziliendelea.

Alizima tena. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akaushika mkononi na kuutazama. Waipa zilikwenda kushoto na kulia, na mvua ikaendelea. Alitoka mbio, akafungua boneti, akapokewa na moshi. Waya wa waipa ulikuwa umepata moto, ngozi yake ikayeyuka, ukagandana na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Tangu hapo waipa hazikuhitaji tena swichi wala fyuzi wala ruhusa ya Yeremia. Alichomoa ile karatasi hata hivyo, ikamuunguza vidole, na waipa hazikujali. Alitaka kufungua betri. Spana ilikuwa Kilosa, juu ya meza. Alijaribu kwa mkono, nati haikutikisika. Alijaribu kwa meno ya koleo la mwenyekiti, likateleza. Alisukuma gari litoke kijijini, lakini magurudumu yalikuwa yameshazama kwenye tope, tope la kwanza kuonekana Azimio tangu kijiji kianzishwe.

Watu walitoka na kusimama kwenye vizingiti vya nyumba zao. Walilitazama shamba la kijiji, ambalo lilianzia nyuma ya nyumba ya Raheli, na waliona mahindi yakinywa. Majani yalikunjuka moja baada ya jingine, taratibu, mbele ya macho yao. Mwanamke mmoja alikwenda akasimama katikati ya mistari ametandaza khanga yake juu ya mahindi mawili, matatu, ayakinge. Kisha akaona upumbavu wake, akarudi.

Yeremia alilia, lakini kwenye mvua ile haikuonekana.

Raheli ndiye aliyeleta panga. Alikuwa amekunywa maji, miguu ikamkubalia, akatembea mwenyewe hadi kwenye gari amelowa chapachapa, akamkabidhi mwanawe mpini kwanza, kama inavyotakiwa. Yeremia aliukata waya wa betri kwa mapigo kadhaa. Cheche ikaruka, waipa zikasimama katikati ya kioo, na mvua ikakoma. Jua lilikuwa linakaribia kuzama.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Pipa limejaa," alisema Raheli. "Nimeliona."

Kamati ilikuja na magari mawili. Mawe yalikuwa meupe na mahindi yalikuwa ya kijani. Mjumbe mmoja, mnene, mpole, aliyevaa kofia ya majani, alishika jani kati ya vidole, akalisugua, akaridhika.

"Nani alisema hapa hakuna mvua?"

Mzee Simoni alivua kofia. "Mheshimiwa, mvua hii ni ya gari. Ililetwa na landrova ya ofisi kwa bahati mbaya."

"Ndugu Mzee," alisema mjumbe, "hatuna waheshimiwa siku hizi. Na mvua ni mvua. Kama gari linafika, mvua inafika. Ndiyo maana mliletwa barabarani."

Wajumbe waliandika. Walikunywa soda. Kabla ya kuondoka walitangaza kwamba Azimio panafaa kabisa, na wakawapongeza wananchi kwa kuupa mgongo unyonge wa milimani. Ndugu Cleopa alimshika Yeremia mkono hadharani, akautikisa kwa muda mrefu, maana aliamini kwamba dereva wake alikuwa amebuni njia kwa ajili ya taifa. Yeremia aliuacha mkono wake utikiswe. Vidole vyake vilivyoungua viliuma na alishukuru kwa maumivu hayo. Watu wa Azimio walimpita wakienda majumbani, na kila mmoja alimsalimu vizuri, kwa jina lake na kwa jina la baba yake, bila lawama yoyote. Angependa walau mmoja amtukane.

Boksi la fyuzi lilifika kwa treni. Yeremia alitengeneza nyaya, akaziba kwa utepe, akasugua vishikizo kwa msasa, akaweka fyuzi mpya na za akiba mahali pake. Aliuliza kama azirudishe nyaya za waipa katika mpangilio wa kiwandani, akaambiwa asithubutu. Kwa muda mvua ilipelekwa Azimio kila Alhamisi. Baadaye, petroli ilipopungua, ilipelekwa pale wageni walipotarajiwa. Halafu wageni wakaanza kutembelea vijiji vingine vilivyo karibu zaidi na mji, na landrova ikawafuata. Maharage ya Magomeni yalikuwa mazuri sana mwaka ule.

Raheli alivuna mara moja tu. Kwa mahindi hayo alipata nguvu, akaanza tena kwenda mtoni, na siku moja alimwomba mwanawe ampeleke Kigunga akasafishe kaburi. Yeremia aliomba ruhusa. Ilikataliwa kwa upole, kwa kuwa Kigunga hapakuwa tena na kijiji, na gari la ofisi haliwezi kwenda pahali ambapo hapapo. Alipoleta jibu hilo, mama yake alimwuliza tena kama amekula.

Mwaka uliofuata mahindi ya Azimio yalikauka yakiwa wima. Majirani waliyakata, wakawapa akina Mwamvua walishie mbuzi. Raheli alikataa kuyakata ya kwake. Aliyaacha yamesimama shambani, akashinda juani anang'oa magugu katikati ya mistari, ili mtu akija ayaone vizuri. Yeremia alichuchumaa kando yake, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kamati ilishamaliza kazi yake, na kwamba hakuna mtu atakayekuja.

"Najua," alisema mama yake, akasogea kwenye mstari wa pili.